Nilipasuliwa rovu, vidole vinakakamaa: vitamini D ya kawaida haitoshi?

Mshonaji wa Kadutu, Bukavu
Jambo kwenu wote. Mwezi wa nne nilipasuliwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Kovu limepona, lakini tangu wiki ile midomo inachomachoma kama nimekula pilipili, na ncha za vidole zina ganzi. Juzi nakata kitenge cha mteja, mkono wa kuume ukakakamaa juu ya mkasi. Dole gumba likajikunja kiganjani, vidole vingine vikanyooka na kushikana. Binti yangu ndiye aliyeuchomoa mkasi polepole, analia.

Vipimo: kalsiamu chini, milimoli 1.7 kwa lita, fosfeti juu, homoni ya paradhairoidi karibu hakuna. Nimemeza vitamini D ya farmasi miezi miwili bila nafuu. Sasa munganga ameandika alfakalsidoli na bei yake ni kali. Si vitamini D ile ile?

Yaya wa Ibanda
Pole sana, mdogo wangu. Mimi huu ni mwaka wa 9, nami ilianza baada ya rovu. Paradhairoidi ni tezi nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya tezi ya shingo. Kwenye upasuaji zinaweza kuumia.

Vitamini D uliyonunua ni mbichi. Ini huipika mara ya kwanza, figo mara ya pili, na figo hungoja amri ya homoni ile uliyoikosa. Alfakalsidoli imekwisha kupita jiko la figo, imebaki ini tu. Kalsitrioli, dawa nyingine ya aina hiyo, imeiva kabisa. Basi usione ni ile ile, nunua alfakalsidoli hata ya wiki moja moja, wala usikatize: ukiacha, nguvu yake huisha ndani ya siku chache.

Kalsiamu kaboneti imeze pamoja na chakula. Kama una levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo, ziachanishe kwa muda wa saa nne. Mimi ile naimeza alfajiri, kalsiamu na ugali wa mchana.

Muuguzi, Goma
Mama, tafadhali usijiongezee dozi ukiona nafuu. Homoni ya paradhairoidi ndiyo pia inayoizuia kalsiamu isitoke na mkojo. Bila yake, kalsiamu ikipandishwa sana figo huimwaga, mawe yanajijenga, figo zinaharibika. Ndiyo sababu tunaiweka upande wa chini wa kiwango cha kawaida, na damu na mkojo vinapimwa tena na tena. Kiu isiyokatika, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu: huenda kalsiamu imezidi, nenda upimwe. Omba na magnesiamu ipimwe, ikiwa chini kalsiamu haipandi. Koo likibana au degedege ikija, hospitali usiku huohuo, upewe kalsiamu ya mshipa.

Mshonaji wa Kadutu, Bukavu
Aksanti sana, yaya, aksanti muuguzi. Nimenunua ya wiki mbili, napima Jumatatu. Je, nikila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na maziwa mengi, siwezi kupunguza dawa?

Yaya wa Ibanda
Kula, lakini kwa kiasi. Vina kalsiamu, vina na fosfeti, na yako tayari iko juu. Dozi ya dawa ibaki ile ile. Na mkasi mwachie binti kwanza mpaka majibu yatoke.