Uwanja wa ndege Mwanza: tuanze na ukumbi wa abiria au chumba cha baridi cha samaki?

Mzawa wa Kirumba (mleta mada)

Wadau, salaam. Kila likiguswa suala la kupanua uwanja wetu wa ndege, mazungumzo yanaishia kwenye jengo la abiria. Litakuwa na ghorofa ngapi, litakuwa na vioo, litafanana na lile la tatu la Dar lililofunguliwa Agosti 2019 au tutapewa kajengo tu. Leo naomba tubishane kwa namna nyingine. Mimi nasema shilingi ya kwanza iende kwenye jengo la mizigo na chumba cha baridi. Ukumbi wa abiria ufuate.

Sababu yangu inapita barabarani kila wiki. Simama Nyakato jioni utaliona lori la jokofu limetoka kiwandani na minofu ya sangara. Linashika Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, linavuka Sirari, linaingia Nairobi, na huko ndiko minofu inakopandishwa ndege kwenda Ulaya. Samaki kavuliwa Ukerewe, kakatwa Mwanza, lakini ada ya kutua, ada ya kuhifadhi na mshahara wa mpakiaji vyote vinabaki kwa jirani.

Na msiniambie ndege kubwa haiwezi kutua hapa. Njia yetu ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3. Wa rika langu wanazikumbuka zile Ilyushin zilizokuwa zikija kubeba minofu. Zikipita juu ya Pasiansi, mwalimu anaacha kufundisha mpaka zitue. Leo nchi ina ndege yake ya mizigo, Boeing 767 iliyopokelewa Juni 2023, inabeba tani 54. Inakosa nini kuja Mwanza? Nakaribisha mawe.

Shemeji wa Buzuruga

Jiwe la kwanza hili hapa. Samaki hakati tiketi, kaka. Anayelipa ada ya uwanja kila anaposafiri ni abiria, na abiria wa uwanja huu hatoki Mwanza peke yake. Jumlisha sensa ya 2022: Mwanza, Kagera, Geita, Mara, Simiyu na Shinyanga, ni zaidi ya watu milioni 16. Anayewahi kliniki Muhimbili yumo, mfanyabiashara wa Kariakoo yumo, wa mgodini yumo. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Dar. Hao ndio wa kujengewa kwanza.

Halafu wewe unaongea samaki wa lori, umewasahau samaki wa abiria! Mtu wa Mwanza hapandi ndege bila boksi. Nenda asubuhi ukaangalie foleni ya mizani. Mama kavaa gauni la harusi, chini ya miguu yake boksi la katoni limezungushwa selotepu mpaka limekuwa jeupe, pembeni limeandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Ndani kuna sangara wa kukaanga wamefungwa kwenye gazeti, juu yao mfuko wa dagaa, na harufu inawatangulia wote wawili. Mizani inagoma kwa kilo tatu. Mama anachutama, anakata selotepu kwa meno, anahamishia samaki wanne kwenye mkoba wa mkononi, anafunga tena. Nyuma yake watu wanatazama saa. Ukimpa huyo mama meza ya kufungia mzigo na mizani ya kupimia kabla hajafika kaunta, umeshapanua uwanja wa ndege bila kumwaga zege.

Klaringi Mstaafu

Kijana wa Kirumba, nia yako njema, ila umeanzia mkiani. Mizigo nimeihangaikia maisha yangu yote, acha nikueleze kwa nini lile lori haligeuki.

Chumba cha baridi hakiiti ndege. Mnunuzi wa Ulaya hataki tani 54 siku moja kisha kimya. Anataka tani chache leo, chache keshokutwa, kila wiki bila kukosa, kwa sababu minofu mibichi kwenye barafu ina siku za kuhesabu. Nairobi kila siku kuna ndege za abiria za masafa marefu, na chini ya miguu ya abiria kuna tumbo la mizigo. Tani tano unazichomeka humo zinaondoka usiku huohuo. Mbali na hizo kuna ndege za kubeba maua, zinazokuja zikijua zitaondoka zimejaa.

Sasa ilete ndege nzima Mwanza. Safari ya kuja nani ameilipia? Ikija tupu, gharama hiyo haipotei hewani. Itashuka mpaka mwaloni wanakoshushia samaki, itakatwa kwenye bei ya kilo, na atakayeilipa ni mvuvi mwenye mtumbwi. Ndege inafuata mzigo wa pande mbili. Tutafute kwanza cha kuingiza: vipuri vya migodi ya Geita, dawa, vifaa vya hospitali ya Bugando. Hapo ndipo utazungumza na mwenye ndege akakusikiliza.

Jambo jingine ni samaki mwenyewe. Viwanda havifanyi kazi kwa uwezo wake wote kwa sababu sangara wamepungua. Operesheni Sangara ya 2018, ule msako wa uvuvi haramu, iliumiza watu na ilichoma nyavu nyingi, lakini haikuzuka tu. Tulikuwa tunakula sangara wasiofika sentimeta 50, yaani tunakula mbegu. Ukijenga ghala la tani mia halafu likalala nusu tupu, umeme wa kupooza hewa utalipwa na nani?

Ninachokubaliana nawe ni kwamba karatasi si tatizo tena. Maabara ya samaki ipo Nyegezi, vipimo vinafanyika hapahapa.

Treni Inakuja

Mnabishania ndege wakati reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, jiwe lake la msingi liliwekwa tangu Juni 2021. Subirini treni.

Shemeji wa Buzuruga

Tumesubiri, bado tunasubiri. Na hata ikifika, Dar hadi Mwanza kwa reli hiyo ni kilomita 1,219, na treni inakwenda 160 kwa saa ikiwa haijasimama popote. Mgonjwa mpandishe wewe.

Wa Igombe

Mimi ni mvuvi, nyumbani kwetu ndege zinapita juu ya paa. Nauliza moja ambalo hamjaligusa. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani kule Bukoba ikikaribia kutua. Walikufa watu 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, mikono mitupu, kamba za nyavu. Uwanja wetu nao umelala kando ya ziwa hilohilo. Katika hizo ramani za ghorofa na vioo, boti ya uokoaji imechorwa wapi? Gati yake iko wapi? Wapiga mbizi watalala wapi? Gari la zimamoto haliogelei.

Pia kuna wale ndege, korongo. Sisi tunaishi nao, wanakula utumbo wa samaki kwenye majalala. Yule ni ndege mzito, mabawa kama mkeka, anapanda taratibu na hewa ya joto mpaka anafika juu kabisa. Injini ikimmeza, hakuna atakayeuliza jengo lilikuwa la kisasa au la kizamani. Kwa hiyo Mzawa, kabla hujaleta samaki wengi karibu na uwanja, sema kwanza utumbo utautupa wapi.

Jirani wa Uzio

Samahani wakuu, mimi sina utaalamu. Nakaa upande wa pili wa uzio. Tulipimwa, tukaandikwa, tukaambiwa tusiendeleze. Nyumba yangu ukuta mmoja umepigwa lipu, mitatu ni tofali tupu. Sheria ya uthamini ya 2016 nimesomewa na kijana wangu, inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa inaongezwa riba. Hiyo riba mimi sijaiota. Naomba kuuliza: upanuzi mnaouzungumzia unaishia wapi? Nipige lipu au nisipige?

Dereva wa Watalii

Mnasahau utalii. Lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara hiihii ya Musoma, asubuhi moja tu unafika. Lakini mgeni wa Ulaya anashukia Kilimanjaro, anazunguka Arusha, anaingia hifadhini kwa mlango wa upande wa pili. Kupanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Saanane hata hajui. Akiweza kugongewa muhuri wa pasipoti Mwanza, mimi nina kazi mwaka mzima. Uhamiaji na forodha viwekwe kwanza, hata kwenye chumba kidogo.

Mzawa wa Kirumba

Mzee Klaringi, umenibana na nimekubali kubanwa. Suala la tumbo la ndege sikulipigia hesabu. Nilikuwa nimeweka abiria huku na samaki kule kama timu mbili za Kirumba siku ya debi, kumbe wanapanda chombo kimoja. Ndege za abiria za kwenda Dar zikiongezeka, na matumbo yanaongezeka. Airbus ndogo ya abiria 132 ina nafasi chini. Minofu inaweza kwenda nayo Dar alfajiri, ikaungana na ndege ya masafa marefu usiku. Si tani 54, ni tani mbili tatu, lakini ni kila siku, na ndivyo ulivyosema mnunuzi anavyotaka.

Basi nabadilisha dai langu, ila silifuti. Badala ya ghala kubwa la mizigo, naomba chumba cha baridi cha tani chache na mlango wake mpana unaotazama maegesho ya ndege, na kichorwe kwenye ramani ileile ya ukumbi wa abiria. Kwetu tumezoea kujenga mbele tukapendezesha, halafu mwaka wa tatu tunabomoa ukuta kupitisha kilichosahaulika. Ukumbi mkubwa usio na njia ya mizigo nitaupinga hata kama una vioo mpaka chini.

Wa Igombe, kuhusu boti umenyamazisha wote. Hilo liwe juu ya vyote, hata juu ya samaki wangu. Na utumbo ubaki kiwandani, uwanjani ifike minofu iliyofungwa tu.

Shemeji, meza ya selotepu nimeipitisha bila kura.

Klaringi Mstaafu

Sasa umeongea. Ila kabla hujapeleka popote, pita viwandani uulize kila kimoja kinatoa kilo ngapi za minofu mibichi, siku gani za wiki. Usichukue za mwaka, chukua za kila siku. Mwenye ndege hilo ndilo swali lake la kwanza, na ukigugumiza anafunga daftari.

Shemeji wa Buzuruga

Ukipita viwandani nipitie na vichwa vya sangara, nitakulipa ukifika.

Jirani wa Uzio

Mmejibizana wote, mpaka korongo kapata nafasi yake. Mvua za vuli zinakaribia, na ukuta wa tofali za udongo haujui mambo ya ramani. Simenti mifuko sita ninayo ndani, inaanza kuganda pembeni. Nipige?