Mjadala: Je, mwenye leseni ya fiziotherapia ya Kenya alazimike kufanya mtihani upya Marekani?

Mkazi wa Eldoret: Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, aliyesajiliwa chini ya sheria yetu ya mwaka 2014, na aliyehudumu wodini miaka na mikaka, akifika Marekani huambiwa masomo yake yalinganishwe moja baada ya jingine na shahada ya udaktari wa fiziotherapia ya kule, athibitishe Kiingereza chake, kisha afanye mtihani na kupata angalau alama 600 katika kipimo cha 200 hadi 800. Huu ni ulinzi wa mgonjwa au ni ukuta wa kuwazuia wageni?

Shangazi wa Dallas: Mtihani huohuo hufanywa na wazawa, kwa hiyo sioni ubaguzi. Leseni hutolewa na jimbo, na kila mtahiniwa ana nafasi tatu katika miezi 12, na zisizozidi sita maishani. Tatizo ni wanaokuja na stashahada ya kuchua watu migongo wakidhani kazi inawasubiri uwanja wa ndege.

Mtumishi wa Wodi: Shangazi, kwa heshima zote, hapo umetutukana. Mgonjwa wa kiharusi anapoketishwa ukingoni mwa kitanda kwa mara ya kwanza, mwenye stashahada ya fiziotherapia ndiye anayelishikilia bega lililolegea lisiteguke, huku akimchunguza usoni asije akazirai, na ndiye anayemfundisha mkewe namna ya kumgeuza usiku asipate vidonda. Huko ndiko kuchua migongo?

Kalamu Kavu: Swali linatuponyoka. Kama kumbukumbu hainihadai, Marekani yenyewe iliridhika na shahada ya kwanza, ikapanda hadi uzamili, ndipo ikafika udaktari, na wakongwe wao waliosomea shahada ya kwanza hawakunyang'anywa leseni. Mbona hilo haligusiwi?

Shangazi wa Dallas: Sijamtukana mtu, mwanangu. Hapa mgonjwa huweza kumwendea mtaalamu bila barua ya daktari, kwa hiyo ni lazima mtaalamu huyo ashuku kwamba maumivu ya shavu la mguu huenda ni damu iliyoganda mshipani, wala si msuli uliokaza. Akikosea, ni mazishi.

Mtumishi wa Wodi: Kwani sisi hatufundishwi hayo? Leseni ya kila mwaka nasi tunailipia kama wanavyoilipia wenye shahada, ila wao hutuachia wodi nzima ifikapo saa sita, wakakimbilia kliniki zao za mjini.

Msomi wa Juja: Sasa mzigo umetuangukia sisi wenye shahada? Kama shahada haiongezi kitu, mbona wenzako wanarudi chuoni kuisomea?

Mtumishi wa Wodi: Wanarudi kwa sababu mwajiri hupandisha cheo kwa kutazama karatasi. Wewe njoo kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, ukae nasi mpaka jioni, tuone akina mama watapanga foleni mlangoni kwa nani.