Nimebadilishiwa cheni mpya, sasa baiskeli ni mbovu kuliko mwanzo. Mafundi mnatupeleka wapi?

Wakuu, nina goko lililochanika na hasira za wiki tatu. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Baiskeli yangu ni ya kawaida tu, gia saba nyuma, sahani tatu mbele. Ilianza kulia krr krr kila nikikanyaga, na gia zikawa zinaingia kwa kubembelezwa. Nikaipeleka kwa fundi. Hata kuinama hakuinama! Akanyanyua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono mara mbili tatu, akakaza waya wa gia, "tayari kaka, chukua chombo." Sasa hewani baiskeli gani ni mbovu? Gurudumu halina mzigo, cheni haivutwi na chochote. Ugonjwa wa aina hii hautokei mpaka mtu akalie na kukanyaga kwa nguvu. Yeye wala hakupanda.

Fundi wa pili angalau alikuwa na macho. Akasema cheni imekwisha, akanifungia mpya. Ya zamani nikaomba niondoke nayo, nikawaza itafaa kufungia geti. Kilima cha kwanza tu, nimesimama juu ya pedeli, KACHA! Mguu ukakanyaga hewa, kifua kikagonga hendeli, pedeli ikarudi gokoni. Nikaweka gia nyepesi, ikatulia. Nikarudisha nzito, KACHA tena.

Hapo ndipo akili ilipoanza kufanya kazi. Cheni kuukuu ilikuwa inalia lakini hairuki. Mpya hailii, inaruka. Nikamrudia, nikamweleza hivyo hivyo. Jibu lake: "Itazoea hiyo, wewe endesha tu." Itazoea? Kwani ni kiatu?

Wa tatu sitaki hata kumkumbuka. Huyo aliamua kwamba cheni ni ndefu, akakata pingili mbili. Kuruka kukabaki vile vile, na juu yake nikapewa balaa jipya: nikiweka sahani kubwa mbele na gia kubwa nyuma, kile kikono cha nyuma chenye vigurudumu viwili kinanyooka mpaka naogopa kitang'oka. Nimekuja na ugonjwa mmoja, nimeondoka na wawili.

Basi nikarudi nyumbani, nikaitoa ile cheni ya geti, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaitundika kwenye msumari na kuchukua rula ya chuma. Kuna kitu kinaitwa kupima, jamani, si kupiga ramli! Toka katikati ya pini hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, kila cheni ya baiskeli iko hivyo. Kwa hiyo hatua 24 lazima zitoe inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Yangu ilisoma 309. Imepita asilimia moja, na cheni ya gia saba inatakiwa ivuliwe ikifika asilimia 0.75 hivi, kama milimita mbili na kidogo kwenye kipimo hicho. Wenye gia 11 na 12 wasisubiri hata hapo, nusu asilimia inatosha. Na msidhani chuma kimevutika kama mpira. Ni pini zinazolika ndani ya maungio. Kila ungio linalegea kiduchu tu, lakini maungio yenyewe ni mia na kitu.

Sasa ndiyo maana ya ile KACHA. Cheni iliyorefuka inakula meno mpaka yanafanana nayo. Mabovu kwa mabovu yanaelewana, wanazeeka pamoja kama wazee wa ndoa moja. Ukileta cheni mpya yenye nusu inchi kamili, haikai tena chini kwenye meno, inapanda juu yake, na ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Inaanzia gia ndogo, yaani zile nzito, kwa sababu yangu ndogo kabisa ina meno 14, na cheni inashika karibu nusu yake tu. Meno saba kubeba mtu mzima na mzigo wake! Gia kubwa ya meno 28 hata ikilika kidogo inavumilia. Nimekagua kwa tochi: gia mbili ninazotumia kila siku meno yamechongoka na kulalia upande mmoja kama pezi la papa. Kubwa, ambazo sizigusi, zinang'aa kama zimetoka dukani leo.

Kwa hiyo fundi alitakiwa kuniuliza swali moja tu: inaruka gia gani? Ingekuwa inaruka gia zote kwa mpigo, pedeli inazunguka bure na cheni haisogei kwenye meno, hapo angetazama vikucha vinavyong'ata ndani ya friwili, lile fungu la gia za nyuma. Ingekuwa inashtuka kila baada ya mizunguko kadhaa, hata ukikanyaga polepole, angetafuta pingili iliyokakamaa na kuilegeza. Gia mbili ndogo, chini ya mzigo, mara tu baada ya cheni mpya? Ni meno. Hapahitaji hata spana.

Na mimi sijajitoa lawamani. Miezi yote nilikuwa namimina oili juu ya vumbi bila kufuta kwanza. Mchanga ukichanganyika na oili ni msasa wa maji, na mimi ndiye niliyekuwa nausaga kila asubuhi. Ningebadili cheni mapema, hii friwili ingekula cheni mbili tatu. Sawa, nimekubali. Lakini mimi si fundi, wao ndio mafundi.

Naombeni msaada sasa. Friwili mpya ninayo. Ya zamani inajikaza yenyewe kila ukikanyaga, kwa hiyo imeshikamana na habu, kile kitovu cha gurudumu, kama imechomelewa. Fundi wa nne (ndiyo, wa nne) hakuwa na kile kifaa cha kuingia kwenye pengo zake mbili, akachukua tindo na nyundo, pengo zote zimevunjika. Sasa anataka kukata spoku "ili aishike vizuri". Nimemnyang'anya gurudumu! Spoku zikikatwa, rimu ya kuzungushia itatoka wapi?

Ninachofikiria ni kuifumua: kulegeza ile ringi ya usoni yenye vitundu viwili, ambayo najua inafunguka kwa kuzungusha kulia, gololi zimwagike, halafu kile kiini kilichobaki kibanwe kwenye jiliwa na mimi nizungushe rimu kinyume cha saa kama usukani wa lori. Aliyewahi kufanya hivi aniambie: hiyo ringi mliilegeza kwa kutumia kifaa gani? Yangu nimeigonga kwa pini tangu jana jioni, haijasogea hata unywele.