Naomba ushauri: kazi za origami za majira ya baridi kwa watoto wa PP1

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni, na darasa langu la PP1 lina watoto 28 wa umri wa miaka minne hadi mitano. Mwenye shule ameniletea kabrasha la kazi za mikono lililochapishwa kutoka kwenye intaneti, ambalo mada yake ni majira ya baridi: pengwini, mtu wa theluji, msonobari, chembe ya theluji na glavu, vyote vya kukunjwa kwa karatasi kwa mtindo wa origami wa Kijapani. Anataka kazi hizo zitundikwe darasani kabla ya shule kufungwa mwezi wa Agosti, wazazi watakapokuja kuchukua ripoti.

Pengwini wa kabrasha hilo ana mikunjo kumi na zaidi, ilhali wengi wa watoto wangu ndio kwanza wanajifunza kukutanisha pembe na pembe. Nina rimu ya A4 nyeupe na manila chache za rangi, na manila nikizikunja zinapasuka kwenye mstari. Lakini linalonisumbua hasa ni maelezo: mtoto ambaye baridi anayoijua ni hii ya kipupwe, inayomfanya avalishwe sweta asubuhi na kuivua kabla ya uji wa saa nne, nimweleze vipi theluji akaelewa? Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Bibi wa Kuze

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Nimefundisha chekechea mpaka nikastaafu, na kwa maelezo yako kabrasha hilo limeandikwa kwa ajili ya watoto wakubwa. Mtoto wa miaka minne huanza na mkunjo mmoja, akizoea huweza miwili au mitatu, na kinachomshinda mara nyingi si kukumbuka hatua, bali ni kuishikilia pembe mahali pake kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukikandamiza mstari. Kwa hiyo fundisha mikono kabla ya kufundisha umbo. Karatasi ilazwe mezani, isikunjwe hewani. Pembe ipelekwe juu ya pembe mwenzake. Kidole cha mkono mmoja kikae hapo zisihame. Kisha ukucha wa gumba la mkono wa pili upite kwenye mkunjo kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni karatasi husukumwa, pembe zikaachana, na mtoto hudhani amekosea yeye.

Anza na msonobari. Chukua miraba mitatu, mkubwa, wa wastani na mdogo. Kila mmoja unakunjwa mara moja tu, pembe hadi pembe, ukawa pembetatu. Kisha pembetatu hizo zinabandikwa zikipandana, kubwa chini na ndogo juu. Mtoto ambaye hata hilo linamshinda mwache apake gundi huku mwenzake akikunja. Na wakitokea wazazi wa kusema kwamba watoto wanachezeshwa tu, waambie kwamba Friedrich Fröbel, Mjerumani mwasisi wa chekechea aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliiweka kazi ya kukunja karatasi miongoni mwa shughuli zake. Glavu ziache, hazina faida yoyote.

Muuza Karatasi

Mwalimu, manila hupasuka kwa sababu ni nene, na upande wa nje wa mkunjo huvutwa kupita uwezo wake. Itumie kwa kubandikia. A4 yako, ikiwa ni ya gramu 80 kama nyingi zinazouzwa hapa mjini, inakunjika vizuri. Karatasi maalumu za origami aghalabu huwa na upande wa sentimita 15, lakini kwa vidole vidogo kubwa ni bora. A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7, basi ulaze upande mfupi juu ya upande mrefu, ukate kipande kinachozidi, na utabaki na mraba wa sentimita 21. Kipande kilichokatwa usikitupe, kwani hutoa miraba miwili ya zaidi ya sentimita 8, ambayo itakuwa vilele vya misonobari ya Bibi. Kata yote mwenyewe mapema, kwa kuwa mraba uliopinda humharibia mtoto kila mkunjo unaofuata.

Kuna jambo ambalo makabrasha ya ng'ambo hayalitaji, nalo ni unyevu wa hapa pwani. Karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu ikalegea, na mkunjo hufunguka wenyewe. Ihifadhi ndani ya ndoo safi yenye mfuniko mpaka wakati wa kazi (mifuko ya plastiki tumekatazwa tangu 2017, na ndoo ni bora hata hivyo). Na tafadhali zima pangaboi kabla hujagawa karatasi.

Mzee wa Likoni

Naomba kutofautiana nanyi kwa heshima. Mwezi wa Julai huku kwetu kusi inavuma, bahari imechafuka na vyombo vidogo vimevutwa pwani. Hayo ndiyo majira ambayo mtoto anayaona kwa macho yake. Kwa nini akunjishwe mtu wa theluji? Tena vitabu hivyo humfundisha kwamba Desemba ni mwezi wa baridi, wakati Desemba yetu ni kaskazi na jasho. Mfundishe mashua, ambayo ni origami halali kama pengwini, na sweta yake ya asubuhi.

Binti Rabai

Shikamoo Mzee. Mashua nakubaliana nawe kabisa, lakini theluji si jambo la ugenini kama unavyoiona. Mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi hapa Rabai, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wako wataalamu wa Uingereza waliokataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu hivyo na ikweta. Kilimanjaro ina mita 5,895 na Mlima Kenya una mita 5,199, na kwa kuwa hewa hupoa kadiri unavyopanda, barafu iko huko juu hata leo, ingawa inapungua. Kwa hiyo Mwalimu anaweza kumwambia mtoto kwamba theluji iko Kenya, juu ya mlima.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti ndiyo baridi halisi ya Afrika Kusini, na huko wako pengwini wanaoishi ufukweni pasipo barafu yoyote. Pengwini wa mwezi wa Julai, basi, hana kosa.

Namna ya kueleza: kwangua ule ukungu mweupe wa ndani ya friza, uuweke kwenye sahani nyeusi, na kila mtoto aguse kabla haujayeyuka. Ukungu huo na chembe za theluji ni ndugu, kwani vyote hutokana na mvuke wa maji unaogeuka barafu moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Ukitengeneza chembe ya theluji, iwe na ncha sita. Wengi hukunja mraba nusu, robo, kisha nusu tena, wakapata ncha nane ambazo theluji haina, kwa sababu molekuli za maji zinapoganda hujipanga kwa umbo la pembe sita. Kunja mraba uwe pembetatu, kisha ukunje pembetatu hiyo mara tatu sawa kutoka katikati ya upande wake mrefu, kama pande za feni, halafu nusu. Kazi hiyo ni yako, Mwalimu. Mtoto apewe kukata kwa mkasi wa ncha butu na kufungua.

Mwalimu wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Nimeamua kumwacha mtu wa theluji na glavu, nifanye msonobari na chembe ya theluji, na mashua ya Mzee nitaikunja mwenyewe kila mtoto aipake rangi. Pengwini naye watoto wanamtaka sana tangu walipoiona picha yake. Je, yuko pengwini wa mikunjo michache, na karatasi nyeupe pande zote mbili itafaa?

Binti Rabai

Yuko. Kwanza mtoto aupake mraba krayoni nyeusi upande mmoja, apake mpaka pembeni kabisa, kwani vidoa vyeupe vikibaki vitaonekana mgongoni. Kisha aulaze upande mweusi ukiwa chini, pembe moja ikimwelekea. Pembe ya kulia na ya kushoto zikunjwe kuelekea katikati lakini zisikutane. Nafasi inayobaki ndiyo tumbo jeupe, na pande mbili nyeusi ni mabawa. Pembe ya juu ikunjwe mbele kidogo iwe kichwa na mdomo, na ya chini ikunjwe nyuma apate kusimama. Mikunjo ni minne. Ile miwili ya kwanza mwekee alama ya penseli ya mahali pa kuishia, maana "karibu na katikati" si agizo ambalo mtoto wa miaka minne hulifuata.

Bibi wa Kuze

Krayoni zipakwe siku moja, kukunja kufanywe siku nyingine. Mikono yenye krayoni huchafua tumbo la pengwini. Kaa na watoto sita au saba kwa wakati mmoja, wengine wakiwa na msaidizi wako kwenye kazi nyingine. Na kama kuta za darasa lako ni za chokaa kama zetu za Mji wa Kale, usibandike kitu juu yake, kwani gundi itatoka na chokaa yake na kazi zote zitakuwa sakafuni kabla ya wazazi kufika. Vuta kamba kutoka dirisha hadi dirisha, uzibane kwa vibanio vya nguo, na uandike jina la mtoto nyuma ya kila moja.