Mkutano wa maoni ya wadi: wanaokuja ni walewale kila mwaka. Tubadilishe nini?

Jirani_wa_Sabaki:
Wadi yetu iko pwani ya Kilifi, Kenya. Mpango wa maendeleo wa mwaka (ADP) haupaswi kufika bunge la kaunti baada ya Septemba 1, kwa hiyo maoni yatachukuliwa Agosti. Kawaida ni saa nne asubuhi ukumbini, na viti vinajazwa na wazee wa mtaa, wanakandarasi na watu wa mheshimiwa. Kina mama wa pweza, viziwi, maskwota (wanaoishi kwenye ardhi isiyo na hati yao) wa ndani kule na Wapemba (wenye asili ya kisiwa cha Pemba) hawaonekani, halafu ripoti inaandikwa "umma ulishirikishwa". Kuna pesa za mkutano mmoja mkubwa tu. Zitumike vipi?

BinKombo:
Anza na kalenda ya maji, ya ofisi baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kuanzia kama saa nne hadi karibu saa sita mchana. Saa hizo kina mama wako mwambani na mikonjo yao, zile fimbo za kuchomea pweza. Ukiita mkutano wakati huo umeshawafungia mlango, hata ungebandika matangazo mia. Chagua siku ya maji mafu (nusu mwezi, bahari haikauki sana), saa nane mchana, isiwe Ijumaa wala siku ya soko. Agosti bado ni upepo wa kusi na bahari ni chafu, wavuvi wengi wa mitumbwi midogo wako nchi kavu, kwa hiyo msimu wenyewe unakusaidia.

Pili, huo mkutano mkubwa uvunje. Hema, spika na maji ya chupa vinameza bajeti, na kwenye watu 200 huzungumza wanane. Fanya vikao vinne vya watu 15 hadi 20, cha wanawake kiongozwe na mwanamke. Kila kikao kichague wawili wa kukaa kwenye kikao cha pamoja. Bila hao wawili, vikao vya pembeni vinabaki kumbukumbu za faili.

Tangazo litoke siku 14 kabla, likiwa na kurasa mbili za Kiswahili: mradi, mahali, pesa, na ule wa mwaka jana umefikia wapi. Wasiosoma watumie sauti ya WhatsApp ya Kigiryama, isizidi dakika mbili.

Mama_Haki:
Upande wa ulemavu watu hukumbuka mlango wakasahau mengine. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi unaoegeshwa asubuhi ya mkutano unampindua mtu na kiti chake. Pima pia mlango wa choo. Ukiwa chini ya sentimita 80, baadhi ya viti vya magurudumu havipiti, na mtu huyo hatakunywa hata maji siku nzima.

Wakalimani wa lugha ya ishara wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, maana mmoja akichoka huanza kufupisha na viziwi ndio wanaopoteza. Wasimame penye mwanga, si mbele ya dirisha. Nauli hesabu ya watu wawili, mlemavu na msaidizi wake, ilipwe siku ileile. Posho mimi siungi mkono: inaleta wanaoishi kwa mikutano.

BinKombo:
Kwa posho tunatofautiana kidogo. Mama akiacha mwamba amepoteza mboga na pesa ya siku. Ukifuata maji mafu, ndiyo, nauli inatosha. Ukilazimisha bamvua, mfidie.

Skwota_Msomi:
Hamjagusa karatasi ya mahudhurio. Safu ya nambari ya kitambulisho ndiyo inayofukuza watu. Wapemba walitambuliwa rasmi 2023 kuwa jamii ya Kenya, lakini si kila mmoja ana kadi mkononi, na vijana wengi bado wanasubiri zao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inahesabu wakazi wa kaunti kuwa umma, haijasema wenye kadi. Andika jina na kijiji, basi.

Kwa maskwota, usimweke chifu wala mwenye shamba meza kuu. Hakuna atakayetaja barabara iliyozibwa na ua wa mtu anayemtazama. Karatasi zisizo na jina, na mwandishi wa kuwasaidia wasioandika.

Jirani_wa_Sabaki:
Nimeelewa. Tatizo ni siku ya kupanga vipaumbele: kijiji kikubwa kinapiga kura, vidogo vinamezwa.

Mama_Haki:
Usijumlishe kura. Kila kikao kipate maharagwe, matatu kwa mtu, ayaweke kwenye miradi aitakayo. Matokeo ya kila kundi yaende kikao cha pamoja yakiwa kwenye safu yake, ili choo cha soko kilichopewa na wanawake maharagwe mengi kisipotee ndani ya jumla ya barabara. Kabla ya kuanza, kubalianeni kwamba chaguo la kwanza la kila kundi linaingia kwenye orodha ya wadi. Tazama Makueni pia: wao huanzia kijijini, wanapanda vikundi vya vijiji, ndipo wadi, na kila ngazi ina kamati iliyochaguliwa.

Skwota_Msomi:
Na mwisho bandika orodha ya yaliyokataliwa pamoja na sababu, kwa chifu na kwenye zahanati. Ikikosekana, kifungu cha 88 cha Sheria ileile ya Serikali za Kaunti kinampa raia haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti. Liwe la maandishi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.