Naomba ushauri: oili ilivujia kwenye turbo, sasa nahofia mpira wa kupitisha petroli

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, Chumbageni. Nina gari ndogo ya spoti, petroli, turbo, cc 2000.

Juzi nikitokea Segera, nilipofika Muheza nikasikia harufu ya oili inayoungua. Kufungua boneti, gasketi ya kava la juu la injini inavuja, tone baada ya tone juu ya turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini, huwa cha moto sana), moshi unapanda. Nilishtuka kweli, nyuma nilikuwa na wanangu wawili.

Gasketi nimebadilisha, injini imeoshwa. Lakini fundi alipomulika tochi tukaona mpira wa petroli una nyufa pale kwenye klipu. Ukiukunja, kidole kinalowa. Ameweka mpira wa kawaida, ule unaouzwa kwa mita. Hapo ndipo sina amani. Hata Ferrari mwaka 2010 waliita magari yao ya 458 Italia yarudishwe kwa sababu ya gundi tu iliyokuwa ikipata joto na kushika moto.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: mpira huo utahimili presha ya injini ya injeksheni (inayopuliziwa petroli kwa presha), au kuna aina maalumu niulizie dukani? Na moto ukianza, nifungue boneti au nipulizie mtungi wa kuzimia moto wa unga kupitia upenyo mdogo wa boneti?