NSSF ya Kenya na NSSF ya Uganda: naweza kuziunganisha?

Dereva wa Tororo
Habari zenu wapendwa. Naendesha trela njia ya Mombasa–Kampala tangu ujana. Kwanza niliajiriwa na kampuni ya Mombasa, nikakatwa NSSF ya Kenya, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuanzia 1996 hadi 2009. Baadaye nikahamia kwa tajiri wa Kampala, nakatwa ya Uganda mpaka leo. Mwakani natimiza miaka 55. Je, ile ya Kenya inaweza kuhamishiwa huku nilipwe zote pamoja? Kadi ya zamani ninayo, ila jina la ukoo limeandikwa tofauti na lililo kwenye ndaga muntu, kitambulisho changu cha taifa cha Uganda. Kijana mmoja hapa mpakani Malaba anataka nimpe kadi na kitu kidogo, eti atanifuatilia Nairobi. Nina wasiwasi, hilo ni jasho langu.

Mama Mishahara, Jinja
Mzee wangu, pole na barabara. Kadi usimpe mtu, hata akiwa jirani. Nimeandaa mishahara Nakuru na sasa Jinja, na swali lako naletewa sana na madereva.

Hazihamishwi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii kama mwenyeji wa nchi anakofanyia kazi. Lakini kila mfuko bado unalipa chake. Mimi linaniuma: kontena linalipiwa ushuru mara moja na kuvuka Malaba, akiba ya aliyelibeba inabaki ng'ambo.

Basi utadai mara mbili. Uganda ni rahisi: ukifika 55 unachukua chote kwa mkupuo, asilimia 5 ya mshahara uliyokatwa wewe na 10 ya mwajiri, pamoja na riba.

Kenya ndiko kwa kukaza. Enzi zako kiwango cha juu kilifika shilingi 200 zako na 200 za mwajiri kwa mwezi, kwa hiyo usianze kujenga nyumba kichwani. Asilimia 6 kwa 6 ya sheria ya 2013 imeanza kukatwa 2023, haikuhusu. Umri wao wa kustaafu ni 60, ila aliyefika 50 na kuacha ajira anaruhusiwa kudai. Wewe bado uko kazini, hivyo jiandae kudai utakaporudisha funguo za trela.

La kufanya sasa ni jina. Nenda kwa wakili uape kwamba majina yote mawili ni yako, hati ya kiapo igongwe muhuri. Kisha uombe NSSF ya Kenya stetimenti ya michango, uisome mwezi kwa mwezi. Nimewahi kushika stetimenti ya dereva yenye miaka miwili mitupu, na karatasi zake za mshahara zinaonyesha alikatwa kila mwezi! Mwajiri alikata, hakupeleka. Zile karatasi ndizo zilizomtetea. Kama unazo, hata zilizofubaa, usichome.

Mtoto wa Reli
Nakubaliana na Mama. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977 alikuwa Nairobi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi 1984, kila nchi ikabeba pensheni za raia wake. Kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Wazee walipanga foleni miaka na miaka. Baba alisaidiwa na barua zake za ajira na za uhamisho, zote alizitunza kwenye sanduku la bati. Mzee, tunza kila kitu chenye muhuri.

Dereva wa Tororo
Asanteni sana, Mungu awabariki. Kadi sijaitoa na sitaitoa. Wakili nitamwona nikirudi safari hii. Lakini nikifa kabla ya kudai, mke wangu aliye hapa Tororo atalipwa na Kenya?

Mama Mishahara, Jinja
Atalipwa, mzee. Mafao ya warithi yapo pande zote mbili. Ila atadaiwa cheti cha kifo na uthibitisho wa ndoa, na atakwama kabisa asipojua kwamba Kenya kuna kitu. Mwandikie namba zako zote mbili za uanachama, na nakala ya kile kiapo ibaki nyumbani, sio ndani ya trela.